Rwenzori kwa macho ya mtu wa Ziwa Tanganyika

Kila nikisimulia kwamba nilipanda milima Uganda, huku Mwanga ya Kigoma naulizwa swali lile lile: sasa dada, una Kilimanjaro nchini kwako, unavuka mpaka kwenda kukanyaga matope ya watu kwanini? Swali zuri, ila nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama dukani na mfuko wa unga mkononi, kwahiyo leo naliandika mara moja na mwenye kuuliza tena nitamtumia linki. Jibu fupi ni kwamba Kilimanjaro naiheshimu sana ila sio ukoo wetu. Kilimanjaro ni volkano, imejengwa kwa uji wa moto uliotoka chini ukamwagika ukapoa ukajirundika. Rwenzori haina uhusiano na mambo hayo kabisa. Rwenzori imetokana na ufa ule ule uliochimba ziwa letu, na mtu aliyekulia Kigoma anaielewa haraka kuliko mtu wa Moshi, wa Moshi mtanisamehe.

Twende taratibu. Nenda Bangwe, hapa Kigoma, siku mvua imetoka kunyesha na hewa imeoshwa, angalia magharibi. Utaiona milima ya Kongo imesimama ng'ambo, ya bluu, mpaka unadhani ukipiga kelele watakusikia. Kiangazi huioni sababu ya moshi na vumbi, lakini ipo. Sasa ile milima ni ukuta mmoja, na vilima vyetu vya huku ni ukuta wa pili, na katikati ardhi ilikatika ikazama. Ndio Bonde la Ufa la magharibi hilo. Maji yakajaa, tukapata ziwa. Uso wa ziwa uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470, hapo piga hesabu mwenyewe, maana yake sakafu ya ziwa iko kama mita 700 CHINI ya usawa wa bahari. Sisi tunavua migebuka juu ya shimo ambalo Bahari ya Hindi ingeweza kumwagikia humo. Na chini ya maji kuna tope lililojikusanya kwa mamilioni ya miaka, unene wake unahesabika kwa kilometa, yani mwamba wenyewe umezama zaidi ya hapo.

Ule ufa hauishii Bujumbura. Unapanda na mto Rusizi mpaka Ziwa Kivu, unapita penye volkano za Virunga, unafika Ziwa Edward, unaendelea Ziwa Albert. Na hapo kati ya Edward na Albert ndipo kulipotokea kioja. Huku kwetu kipande cha ardhi kilizama, kule kikapanda. Ni gogo la ardhi lenye urefu wa kama kilometa 120 na upana wa kama 65, limekatika ubavu huu na ubavu huu, likaachana na majirani zake, likainuka lenyewe katikati ya bonde wakati pembeni yake kunashuka. Kilele chake kirefu, Margherita, kiko mita 5,109, cha tatu Afrika nzima baada ya Kilimanjaro yenye 5,895 na Mlima Kenya wenye 5,199, na katika hao watatu ni Rwenzori peke yake ambayo sio volkano. Mawe yake ni ya zamani mno, ni miamba iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi, mengine yamepita miaka bilioni mbili, ila kupanda kwake kulikoifanya iwe mlima ni kwa juzi tu, miaka milioni chache.

Alafu kuna kitu nilielezwa na rafiki yangu wa chuo aliyesoma mambo ya madini, mwenyeji wa Kasese, yeye ndiye aliyenishawishi niende. Akaniambia barafu na mvua vinaukwangua ule mlima kila siku, mawe yanashuka mabondeni, mlima unapungua uzito, na ukipungua uzito unazidi kuinuka. Nikamwambia mbona hiyo rahisi, si ni mtumbwi ukipakuliwa magunia unapanda juu ya maji? Akacheka akasema angenipata mapema mtihani wa mwaka wa pili asingeufeli.

Na usidhani ufa umelala. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya ziwa hili hili letu, kule Kalemie, ng'ambo Kongo, nyumba zikaanguka na watu wakafa, huku Kigoma tulitoka nje wote. Wale wa Rwenzori nao wana la kwao, Machi 1966, upande wa Toro na Bwamba, liliua watu zaidi ya mia. Wazee wa kule bado wanahesabia umri nalo. Ufa mmoja, msiba mmoja.

Safari yenyewe ya barabarani sitaieleza sana maana barabara ni barabara. Kigoma, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, unavuka Mutukula, Masaka, Mbarara, Kasese. Beba pasipoti na ile kadi ya njano ya chanjo, na mto wa shingo kama mgongo wako umeshaanza kuhesabu miaka. Kasese yenyewe ni joto! Nilishangaa. Mtu unasema naenda kwenye barafu, unashuka kwenye basi unatafuta kivuli cha kujificha, kwa sababu mji uko chini bondeni kabisa na karibu na mstari wa ikweta. Reli ilifika pale 1956 kufuata shaba ya Kilembe, yetu ilifika Kigoma 1914 kufuata ziwa, na zote zinafikia mwisho pale pale ufa ulipo. Shaba hiyo ilichimbwa kwenye tumbo la Rwenzori, kambi za wachimbaji bado zipo juu bondeni Kilembe, na mto Nyamwamba unaopita pale una tabia mbaya, Mei 2013 ulifurika ukasomba nyumba na daraja na sehemu ya hospitali, Mei 2020 ukarudia. Ukiangalia mawe uliyoyaleta, makubwa kama daladala, unaelewa mlima wa namna hii unapopungua uzito anayelipa ni mtu wa chini.

Haya, kupanda.

Kuna njia mbili zinazojulikana. Ya Kilembe inaanzia huko machimboni, na ile ya mzunguko inaanzia Nyakalengija, kawaida wanaipangia kama siku saba. Mimi nilipita ya mzunguko. Na niseme mapema ili msije mkanisoma mpaka mwisho mkitegemea picha ya bendera: Margherita sikupanda. Kile kilele kinataka kamba, hanesi, vyuma vya kuvaa chini ya viatu na shoka la barafu, na hela ya ziada, na mimi lengo langu lilikuwa kuzunguka milima, kuona mabonde na kufika palipo na barafu. Nimefika. Nina amani.

Siku ya kwanza ni msitu, jasho, na mto Mubuku unanguruma pembeni. Banda la Nyabitaba liko mita 2,651 juu ya usawa wa bahari na mtu wa ziwani unaanza kusikia moyo kwenye masikio. Wapagazi wengi na waongozaji ni Wakonzo, watu wa mlima ule ule, na Kiswahili chao kilinifurahisha maana ni kile kile tunachokisikia bandarini Kibirizi boti za Kongo zikifika. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo hivi, asiyependa maneno mengi, kila tukifika pabaya anasema, "Dada, iko matope mingi mbele, shika fimbo." Ikawa ndio sentensi ya safari. Mimi nikamzoea namwita mzee, yeye ananiita mtoto wa Tanganyika, na sikujua anamaanisha ziwa au nchi ya zamani, nikaona yote sawa.

Chini ya Nyabitaba unavuka daraja la Kurt Schäfer, pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, alafu kuna mianzi, alafu ndio dunia inabadilika. Wale waliozoea kusikia mti fulani ni kichaka, kule kichaka ni mti. Erika ambazo sehemu nyingine zinakufika kiunoni kule zimekuwa miti mikubwa, zote zimening'inizwa ndevu za kuvu za kijani na kijivu mpaka chini, ukungu unapita katikati yake, kila kitu kinadondoka maji. Juu zaidi kuna lobelia ndefu kupita mtu na senesio zile kama kabichi lililopandishwa kwenye nguzo. Usiku perere wanalia. Kama hujawahi kumsikia perere, ni mnyama mdogo tu saizi ya sungura ila kelele yake utadhani kuna mtu anakabwa, nilikaa macho nikiwaza nani ananidai.

Matope sasa. Kuna vitabu vya safari vinasema "njia ina unyevu". Unyevu! Bigo ni bwawa la matope lililokaa bondeni, limejaa mafundo ya majani yaliyosimama kama viti vidogo, na wewe unaruka fundo hadi fundo na begi mgongoni, ukikosea unazama mpaka gotini na mara nyingine zaidi. Sehemu wameweka njia za mbao, Mungu awabariki, ila sio kote. Kiatu cha mlima cha bei usihangaike nacho kwenye hizo sehemu, kule wote wanavaa gambuti, mwongozaji gambuti, mpagazi gambuti, mzungu aliyekuja na viatu vya dola mia tatu naye siku ya pili yake anaomba gambuti. Kwanini matope ni mengi hivyo? Mvua, ndio, kule inanyesha hata kwenye kiangazi, lakini pia ni umbo la bonde. Zamani barafu ilikuwa inajaa mabonde yote yale, ilishuka na bonde la Mubuku mpaka kama mita 2,000, na ilipokuwa inateremka ilikwangua bonde likawa pana chini na limesimama kuta pembeni, ikaacha vizuizi vya mawe, ilipoyeyuka nyuma ya vizuizi maji yakatuama. Mengine yakawa maziwa kama Bujuku na Kitandara, mengine yakajaa majani na tope ndio Bigo hiyo. Ukijua hivyo hata kuzama kunakuwa na maana kidogo. Kidogo.

Bujuku ndipo nilipopapenda kuliko kote. Banda liko mita 3,962, na ukisimama mlangoni, kama mawingu yakikuhurumia, una Mlima Stanley upande mmoja, Speke upande mwingine, Baker nyuma yako, kuta nyeusi za mwamba zinashuka mpaka kwenye ziwa. Mawingu hayana huruma lakini. Yanafungua dakika tano, watu wote wanatoka mbio na simu, yanafunga.

Na hapo ndipo nikaanza kuwaza majina. Rwenzori sio mlima mmoja, ni milima sita yenye vilele vingi: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Majina hayo karibu yote yaliwekwa na yule mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, aliyekuja 1906 na kundi lake akapanda vilele karibu vyote, Margherita akakipa jina la malkia wake. Sasa angalia hao watu. Speke alifika Ujiji na Mwingereza mwenzake Burton Februari 1858, mgonjwa, macho hayaoni vizuri, alafu akatokea Kazeh, ndio Tabora hiyo, akaelekea kaskazini na Agosti mwaka huo huo akaliona Ziwa Victoria. Stanley tusiongee, Ujiji 1871 alipokutana na Livingstone chini ya mwembe, kila mtoto wa Kigoma amepelekwa pale na shule. Emin Pasha, yule ambaye Stanley alienda kumwokoa na ndio katika safari hiyo 1888 Stanley akaiona Rwenzori, naye 1890 alikuwa Tabora anapandisha bendera ya Wajerumani. Watatu katika sita! Nimeenda kote kule, basi mpaka makalio yamekufa ganzi, nakutana na watu waliokunywa maji ya kwetu.

Tena walikuwa wanatafuta jambo moja, chanzo cha Nile. Burton aling'ang'ania kuwa inaweza kutoka Tanganyika kupitia Rusizi. Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi kutoka Ujiji mwishoni mwa 1871 wakaenda mpaka mwisho wa ziwa kaskazini, wakakuta Rusizi inaingia, haitoki. Kesi ikafa. Maji yetu yanatoka kwa mto Lukuga kwenda mto Kongo hadi Atlantiki. Ila maji ya Rwenzori, yawe yameshuka mashariki au magharibi, yote yanaishia mto Semliki, Ziwa Albert, Nile. Na kinachonifurahisha zaidi: Ziwa Kivu zamani lilikuwa linamwaga maji yake kaskazini kuelekea Edward, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda, yakatafuta upenyo kusini, yakapata Rusizi, na Rusizi ikaja kwetu. Hiyo ni miaka elfu kumi na kitu iliyopita tu. Kwahiyo sehemu ya maji tunayooga Katonga hapa Kigoma yalikuwa ya Misri, tumeyapata kwa sababu ya volkano. Wamisri wasije wakasoma hapa.

Kitu kilichonikera, na bado kinanikera, ni kwamba katika vilele vyote vile vya mabwana na malkia hakuna cha mtu aliyebeba mzigo. Sidi Mubarak Bombay alitembea na Burton na Speke, akatembea tena na Speke mara ya pili, akatembea na Stanley kuja Ujiji, akavuka bara zima na Cameron. Huyo mtu ameziona nchi hizi kuliko wote waliopewa milima. Na Wanyamwezi maelfu waliobeba, ambao kazi ya upagazi waliifanya mpaka ikawa sifa ya kabila, hata jiwe hawakupewa. Afadhali kuna banda la pili njiani linaitwa John Matte, Mkonzo, mtu wa kazi hiyo hiyo. Banda sio kilele, lakini mtu analala ndani yake kavu, kilele hakilaliki.

Kutoka Bujuku tukapanda kwenda Elena, mita 4,541. Hapa ni mwamba mtupu, mteremko, ngazi za chuma sehemu mbaya, na pumzi inakuwa ya kuhesabu. Kichwa kiliniuma kama nimegongwa. Ushauri wa pale ni ule ule wa kila mlima mrefu, pole pole, maji mengi, na kikizidi unashuka, hakuna ujanja wala kidonge cha kujidanganya nacho. Barafu niliiona. Nilidhani nitafurahi, nikakaa tu. Mzee akanionyesha kwa fimbo mpaka ilipokuwa inafika alipoanza kazi akiwa kijana, sehemu hiyo sasa ni mwamba umelainishwa umekaa wazi unateleza. Alipokuja yule Luigi 1906 barafu ya Rwenzori nzima ilikuwa kama kilometa za mraba 7, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki kama 1, na sasa hata hiyo moja haifiki. Wakonzo wanasema kule juu ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wao wa mlima. Nikamuuliza mzee, sasa barafu ikiisha atakaa wapi? Akaniangalia akasema, "Hiyo uulize wenye viwanda." Akaendelea kutembea.

Kurudi tulikatisha mwanya wa Scott Elliot, mita 4,372, tukashukia maziwa ya Kitandara, mawili, meusi, mazuri ajabu, alafu mwanya wa Freshfield, alafu kuteremka mto na mawe na matope mpaka nje. Magoti ndio yanayojua kuteremka. Siku ya mwisho nilikuwa nashuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi ya kisima, wapagazi wananipita na kilo zao wanaimba.

Kwa anayetaka kwenda: miezi yenye nafuu ni Desemba mwishoni hadi Februari, na Juni hadi Agosti, nafuu lakini, sio ukavu. Gambuti iliyokaa vizuri mguuni, soksi nyingi za sufu, koti la mvua la kweli sio lile la bodaboda, nguo za kulalia zifungwe kwenye nailoni mbili. Mkazi wa Afrika Mashariki kiingilio chako cha hifadhi sio cha mgeni wa mbali, kwahiyo uliza bei yako, usilipe ya mzungu kwa aibu. Na wapagazi wape bakshishi mkononi mwao wenyewe.

Na kama hela ya Uganda haipo, jamani, hifadhi ya Mahale iko hapa hapa. Watu wanadhani ni sokwe tu. Mlima Nkungwe una mita 2,462 na unaanza kuupanda kutoka ufukweni, kwahiyo ni karibu mita 1,700 za kupanda mfululizo, msitu chini, mianzi katikati, majani ya baridi juu, na kwa Watongwe ni mlima mtakatifu kama vile kule kwa Wakonzo. Nao pia ni ukingo wa ufa ulioinuka, umbo lile lile kwa kipimo chetu, bila barafu na bila Bigo. Barabara hakuna ndani ya hifadhi, unaenda kwa boti kutoka Kigoma, unatembea na askari wa hifadhi, na unalala njiani. Mimi nalenga kiangazi kijacho, tukipata watu wa kuchangia boti mafuta yanakuwa nafuu, anayejiamini magoti aniandikie.